Mashine Isiyozimwa ya Papa Franck

Wako watu wanaojivunia gari, wako wanaojivunia nyumba ya ghorofa, na wako wanaojivunia taa ya kijani iliyo ndogo kuliko punje ya hindi. Laurentine Kalaba ni wa kundi hili la tatu. Taa yake iko katikati ya Lubumbashi, kwenye kituo cha damu kilicho ghorofa ya kwanza nyuma ya duka moja la dawa, kwenye mashine ya rangi ya majivu iliyowekwa juu ya meza ya mbao. Chini ya meza zimepangwa betri nne za lori. Umeme wa mji ukikatika, na unakatika, betri zinapokea, na taa ile haipepesi hata jicho.

Ndani ya mashine hiyo mna daftari la wachangia damu. Nesi akiwa Katuba au Kampemba, ana mama mzazi anayetokwa na damu mbele yake, anafungua simu, anaandika kundi la damu na mtaa, na mashine inampa majina na namba za watu walio karibu. Watu elfu sita na zaidi wamo humo. Lakini daftari halina namba za simu peke yake. Damu ya kila mtu ilipimwa kabla ya kupokewa, na majibu ya vipimo yamo, mstari kwa mstari: huyu mzima, huyu ana virusi hivi, huyu ana ugonjwa ule. Nesi haoni sehemu hiyo. Anayeiona ni daktari mkuu, na anayetunza mashine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huu ni Laurentine.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwao hakuna aliyelijua. Mstari wa mia tisa na nne ni wake mwenyewe.

Miaka minane nyuma alikuwa mwanafunzi wa informatique, masomo ya kompyuta, na sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na alikwenda kutoa damu kwa sababu padri aliomba na wenzake walikwenda. Wiki moja baadaye akaitwa, mlango ukafungwa, akaambiwa ana homa ya ini, ile ya B. Daktari alimweleza vizuri: atafuatwa, atapimwa kila baada ya miezi sita, ataishi, na ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kunywa pamoja. Sawa kabisa. Lakini nenda ukawaambie hayo watu wa mtaani kwao, tuone! Laurentine alikuwa na shangazi, dada ya baba yake, aliyepata ugonjwa huohuo. Siku ya pili tu kikombe chake kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili mwingine asikinywee, kikatundikwa peke yake nje ya jiko. Shangazi aliishi miaka sita tena na kikombe kile. Aliyekifunga uzi ni mama yake Laurentine, kwa mikono yake, huku analia kwa kumpenda wifi yake. Ndiyo maana Laurentine hakusema. Kila alipouona mstari wa mia tisa na nne aliuona uzi mwekundu, kisha akawaza juu ya watu wengine wote wa daftari, na vikombe vyao.

Mwaka uleule Papa Franck alimpa kazi. Papa Franck alikuwa mtunzaji wa kwanza wa mashine, mzee mfupi, mkali, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Ofisini kulikuwa na kikombe kimoja tu, cha bati la bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Papa Franck alikunywa chai nusu, akampa Laurentine nusu. Mara ya kwanza Laurentine alikigeuza, akitafuta upande ambao mzee hakuunywea. Akasema moyoni: maskini mzee, angejua, asingenipa. Akanywa. Na hivyo ndivyo walivyokunywa miaka sita, nusu kwa nusu, yeye na aibu yake ndogo kila asubuhi, mpaka mzee alipopumzika kazi na kurudi kwake mtaa wa Hewa Bora.

Alipoondoka aliacha amri moja, imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kartoni na kubandikwa juu ya mashine: ATUIZIMAKA. Hatuizimi, basi. Na amri ile ilikuwa na sababu. Kabla ya betri, umeme ulikatika usiku mmoja, mashine ikaanguka, na ikachukua siku tatu kuinuka. Katika siku tatu hizo mama mmoja alikufa akitafutiwa damu kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Tangu hapo Papa Franck akaapa. Aliipanga mashine isijizime wala isijiwashe upya kwa sababu yoyote ile, na akaanza kuhesabu siku. Hata baada ya kustaafu, kila Jumapili baada ya misa alimpigia Laurentine simu.

"Siku ngapi?"

"Elfu moya mia moya na makumi mbili, papa."

"Muzuri. Salimia mama."

Na simu ikakatwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Mwanzoni mwa Agosti habari zilienea kwa watunza mashine wa dunia nzima: umeonekana ufa. Programu inayopokea wageni wa mtandaoni, ileile wanayoitumia mabenki na mashule na watu wasiohesabika, ina tundu. Ina kipande kidogo cha salamu. Mgeni anasema, nakupa neno, nirudishie nijue kama uko hai. Programu inarudisha. Ni adabu tu. Lakini mgeni mwongo anatoa herufi moja, anadai ametoa elfu sitini, na programu, kwa adabu zake, haihesabu. Inajaza nafasi iliyobaki kwa chochote ilichonacho kichwani wakati huo: maneno ya siri, majina, majibu ya vipimo, chochote. Mwizi havunji kitu wala halazimishi mlango. Anasalimia tu, anasalimiwa, anaondoka na mfuko umejaa.

Usipoziba ufa, unajua mwenyewe kinachofuata. Laurentine hakungoja. Siku ileile alipakua marekebisho, akayaweka, mashine ikaandika kwamba kazi imekamilika. Alishuka akajinunulia karanga za kukaanga za kujipongeza, akalala kama mtoto.

Wiki tatu akalala kama mtoto.

Jumanne moja asubuhi, vumbi jekundu la kiangazi limeshajaa kwenye vioo vya dirisha, akakuta ukurasa uliotengenezwa na watu wa kujitolea. Unaandika anwani ya mashine yako, ukurasa unaiuliza inaendesha toleo gani, unakuambia kama umepona. Akaandika kwa kujifurahisha tu, kama mtu anayejitazama kwenye kioo akijua amependeza. Ukurasa ukamjibu kwa nyekundu: programu inayoendesha hapa ni ya zamani. Ufa uko wazi.

"Uongo!" Laurentine akasema kwa sauti, yuko peke yake. Akarudia. Nyekundu. Akafungua mafaili: marekebisho yapo, mapya, yamekaa mahali pake. Akaiuliza mashine yenyewe: wewe unaendesha toleo gani? Mashine ikamjibu kwa utulivu kwamba inaendesha lile la miaka mitatu iliyopita.

Ndipo akaelewa, akaketi. Ni kama mwalimu wa kwaya aliyejifunza wimbo zamani na anauimba kwa kichwa. Unamwekea kitabu kipya mbele yake, kimesahihishwa, kizuri, naye hakifungui. Atakifungua siku atakaponyamaza na kuanza upya. Programu ilisomwa mara moja, siku ilipowashwa, na tangu siku hiyo haijanyamaza. Na si marekebisho haya peke yake. Yote aliyoyaweka kwa miaka mitatu, kila Ijumaa, kwa uaminifu, yalikuwa yamerundikana mlangoni bila kusomwa. Siku zile elfu moja mia moja na ishirini na tisa walizokuwa wakijisifu nazo kila Jumapili ndizo zilizouacha ufa wazi.

"Mama yangu weee," akasema Laurentine. Kisha akainuka akaenda kubisha kwa Docteur Mardochée.

Docteur Mardochée ndiye daktari mkuu wa kituo, mtu mrefu mwenye haraka, na ndiye aliyekuwa zamu katika zile siku tatu. Alisikiliza amesimama. Laurentine alipofika kwenye neno kuzima, daktari akaketi.

"Laurentine, ile mashine atuizimaka."

"Ndiyo, njo vile, docteur. Na ni juu ya ile njo tuko wazi."

"Itachukua wakati gani kuamka?"

"Segonde mbili." Akafikiri, maana hakuwa mtu wa kudanganya. "Ao siku tatu. Sijui. Hakuna mwenye anajua. Papa Franck aligusa-gusa mambo mingi humu, na hayajajaribiwa kuanza upya hata mara moja."

Daktari akafunika uso kwa viganja. Huku kuna mama atakayetafutiwa damu na daftari liko chini. Huku kuna watu elfu sita waliokuja kwa hiari yao, wakanyoosha mkono, wakaambiwa na kituo, jina lako halitatoka. Laurentine mwenyewe ndiye aliyekuwa akilisema neno hilo makanisani, amesimama mbele ya watu, na watu wakaamini kwa sababu alilisema kama mtu anayejua uzito wake.

"Docteur," akasema, "unipe saa moya. Nitaandika wale wa damu ya shida kwa mukono. Hata tukianguka, banesi habatakosa."

Printa ilikuwa haina wino tangu Pasaka, na hilo ni jambo ambalo katika ofisi ile halimshangazi mtu. Laurentine akachukua daftari la shule, akaandika majina ya watu wote wa makundi ya damu yasiyopatikana kirahisi, na namba zao, na mitaa yao. Majibu ya vipimo hakuandika hata moja. Walikuwa watu arobaini na watatu. Akapiga picha kurasa, akamtumia Musonda, nesi mkuu wa wodi ya wazazi kule Katuba, ili naye awasambazie wenzake wa mitaa mingine. Musonda hakuuliza mengi.

"Imefika. Weye fanya kazi yako, siye tuko nasali."

Laurentine akarudi kwenye chumba cha mashine, daktari nyuma yake. Akaitazama kartoni ya Papa Franck. Hakuibandua. Aliigeuza tu, maandishi yakatazama ukuta, kama unavyoigeuza picha ya mtakatifu asione. Akaandika amri ya kuwasha programu upya. Kidole kikabaki hewani.

"Nisaidie, Bikira Maria," akasema, akabonyeza.

Skrini ikanyamaza. Sekunde moja. Mbili. Tatu. Taa ya kijani iliwaka, lakini hilo halikumpa moyo, taa ni ya umeme tu. Nne. Tano. Kisha mistari ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ukasema: naendesha, toleo jipya. Hesabu ya siku kwenye kona ikaandika sifuri. Kule Katuba Musonda, bila kungoja kuambiwa, alikuwa akijaribu na kujaribu kulifungua daftari kwenye simu, akaandika: iko inafunguka!

Docteur Mardochée akacheka hadi akapangusa macho. Laurentine hakucheka. Ufa ulikuwa umezibwa, ndiyo, lakini ulikuwa wazi wiki tatu, na alipaswa kujua nani alipita. Mashine inaandika kila anayebisha, hata asipofunguliwa. Akafungua maandishi hayo.

Eh, ndugu yangu! Laurentine alikuwa mtunza mashine miaka minane, na bado alishika mdomo. Walibisha. Usiku na mchana, kila dakika chache, kutoka nchi ambazo alizijua kwenye ramani tu na nyingine ambazo hakuzijua. Wote wakija kwenye chumba hiki chenye betri za lori, nyuma ya duka la dawa.

"Nani anatujua siye?" daktari akauliza kwa sauti ya chini, kama walio kanisani.

"Hakuna, docteur. Habatujue. Banapiga hodi ku milango yote ya dunia, ya kwetu ni moya tu."

Akaonyesha pia upande wa pili, maandishi yaliyokuja pamoja na marekebisho. Mtu mmoja aliuona ufa akawaambia watengenezaji kimyakimya, asiuuze, na angeuuza angetajirika. Watu watano, nchi tano, hawajawahi kuonana, wakakesha siku mbili wakautafutia dawa, wakaitoa bure kwa yeyote anayetaka. Kwa mabenki, na kwa daftari la damu la Lubumbashi. Nao pia hawatujui. Daktari alisimama akitazama mistari ile ikipita, mabaya na mazuri ya watu wasiojuana, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na haraka.

Kisha Laurentine akatafuta wale waliobisha kwa salamu ya uongo. Wiki tatu, mara mia mbili na kumi na mbili. Akasoma jibu la kwanza ambalo mashine ilitoa. Limekataliwa. La pili, limekataliwa. Akashuka na kidole kwenye skrini mpaka mwisho, kama anayesoma orodha ya waliofaulu akitafuta jina lake. Limekataliwa, limekataliwa, limekataliwa, mara zote mia mbili na kumi na mbili.

"Lakini ufa ulikuwa wazi," akasema. "Nani aliwakatalia?"

Ilimchukua nusu saa kupata. Katika faili moja la zamani, kule chini ambako hakuwahi kuwa na sababu ya kufika, kipande cha salamu kilikuwa kimezimwa. Aliyekizima aliacha maneno mafupi juu yake:

"Huu mulango siye atuutumikaka. Baba alikuwa anasema, njia yenye hakuna train ya kupita, ifunge na kufuli. Nilifunga. Weye mwenye utakuya nyuma, usifungule bila sababu. F."

Na tarehe. Ilikuwa ya miaka minane nyuma. Ufa wenyewe ulikuwa haujajulikana na mtu yeyote duniani, na mzee mmoja wa Lubumbashi alikuwa ameshaufungia njia kwa sababu tu hakuona haja ya kuuacha mlango wazi. Laurentine akaweka kichwa juu ya meza, karibu na mashine, akalia kwa furaha na kwa hofu ya yale yaliyopita karibu. Daktari alitoka taratibu akaufunga mlango.

Mchana alikwenda Hewa Bora. Hili halikuwa la kusema kwa simu. Papa Franck alikuwa ameketi uani, redio magotini, anaifungua kwa bisibisi ingawa ilikuwa inaimba vizuri. Alimwona, akaona si Jumapili, akaweka bisibisi chini.

"Siku ngapi?"

"Sifuri, papa."

Laurentine akapiga magoti kama binti kwa baba, akamweleza yote bila kupunguza. Ufa. Marekebisho yaliyokaa bila kusomwa. Kartoni aliyoigeuza. Kwamba siku zote zile za kujivunia ndizo zilizokuwa hatari. Papa Franck alisikiliza huku uso unazidi kuwa mdogo, na aliposikia hilo la mwisho akafumba macho.

"Kumbe ni miye," akasema.

"Ni weye pia mwenye alifunga, papa. Walikuya mara mia mbili na kumi na mbili. Hakuna hata moya alipita. Ni juu ya ile kufuli yako."

"Nilifungaka?"

"Miaka munane sasa. Uliandika na tarehe."

Mzee akaingia ndani, akatoka na birika na kikombe. Kikombe cha bati la bluu, kilichobanduka rangi mdomoni. Alikichukua siku ya kustaafu na Laurentine alikitafuta wiki nzima. Akamimina chai, akanywa taratibu mpaka nusu.

"Bantu bote beko?" akauliza.

"Beko bote, papa. Hakuna jina hata moya lilitoka."

"Na ule wa mustari ya mia tisa na ine?"

Laurentine akamtazama. Asubuhi za miaka sita zilimpita mbele ya macho, moja moja, na katika kila moja mzee huyu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza ileile, akisoma daftari lilelile.

"Ulijua," akasema.

"Kabla sijakupa kazi. Njo niliona, huyu atachunga muzuri." Papa Franck akamnyooshea kikombe, upande aliokunywea yeye ukimtazama Laurentine. "Kunywa, mutoto. Itapoa."

Akanywa.